Redio ya Gari kati ya Mbarara na Nakivale: Sauti Safi, Mwendo Mfupi

Historia ya redio ya gari husimuliwa mara nyingi kama safari ya maendeleo isiyorudi nyuma: kwanza mkwaruzo, kisha sauti safi, na leo skrini ya kugusa. Katika insha hii napinga masimulizi hayo. Nikifuata njia ya kutoka Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, nitaonesha kwamba hatua iliyosafisha sauti ndiyo hiyo hiyo iliyofupisha umbali ambao sauti inasafiri. Kwa msikilizaji wa Kiswahili aliye Nakivale, hasara hiyo si ndogo.

Redio ya gari ilianza kuuzwa kwa wingi nchini Marekani mwaka 1930, pale kampuni ya Paul Galvin ilipotoa redio iliyoitwa Motorola. Miaka miwili baadaye Blaupunkt ya Ujerumani ikatoa ya kwake. Redio hizo zilitumia vali za kioo, zilikuwa kubwa na nzito, na zililamba betri. Transista zilipoingia katika redio za magari miaka ya 1950, chombo kikawa chepesi, kikawaka papo hapo na hakikuua betri tena. Hata hivyo, adui mkubwa wa usikivu alibaki ndani ya gari lenyewe. Kila plagi ya injini inapotoa cheche, cheche hiyo nayo ni kituo kidogo cha redio. Mawimbi ya kati na mawimbi mafupi hubeba sauti kwa kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi, kwa hiyo cheche huingia moja kwa moja katika maneno ya mtangazaji. Kwa sababu hiyo, pale cheche zisipodhibitiwa, aliyetaka kusikia taarifa ya habari vizuri aliweza kulazimika kusimamisha gari na kuzima injini.

Katika eneo letu, mambo matatu yalitokea karibu kwa pamoja. Utangazaji wa redio Uganda ulianza mwaka 1954. BBC ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakikimbia machafuko. Deutsche Welle ikaongeza idhaa yake ya Kiswahili mwaka 1963. Mawimbi mafupi yaliyobeba idhaa hizo yana tabia ya pekee: hupanda hadi tabaka la juu la anga, yakarudishwa ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbali, bila kujali mlima wala mpaka. Sauti ilipanda na kuzama kama mtu anayeongea kwenye upepo, lakini ilifika. Tarehe 11 Aprili 1979, David Oyite-Ojok alipotangaza kupitia Radio Uganda kwamba utawala wa Idi Amin umeanguka, ilitosha mtu kuwa na redio inayopokea, hata ikiwa na mkwaruzo.

Mapinduzi ya pili yalikuja mwaka 1993, Uganda ilipofungua milango kwa redio binafsi na vituo vya kwanza vya FM vikaanza Kampala. Mbarara nayo ikapata vyake, kikiwemo Radio West katika masafa ya 100.2. FM hubeba sauti kwa kubadili masafa badala ya nguvu ya wimbi, na hivyo cheche za plagi hazina pa kushika. Antena yake pia inafaa gari: kwa megahezi 100, robo ya wimbi ni sentimita 75 tu, yaani fimbo ya kawaida ya kwenye boneti.

Lakini wimbi la FM husafiri karibu kama mwanga. Mnara wa mita 100 juu ya ardhi tambarare hufika takriban kilomita 40. Ukisimikwa kilimani hufika mbali zaidi, ila milima ya Isingiro inatoa na kunyima. Nakivale iko kama kilomita 60 kutoka Mbarara. Gari likiwa mgongoni mwa kilima, muziki unamiminika. Likishuka bondeni, sauti inakatika vipande vipande. Tena FM haichanganyi vituo viwili vilivyo katika masafa mamoja: chenye nguvu zaidi humeza kingine. Ndiyo maana karibu na mpaka kituo kinaweza kupokonywa nafasi na kingine katikati ya sentensi.

Hatua ya tatu haikutokana na fizikia bali na biashara. Magari mengi ya Uganda ni mitumba kutoka Japani. Huko FM ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye ikaongezwa hadi 95, ilhali kwetu inafika 108. Redio ya Corona au HiAce ya zamani haiwezi kabisa kufika 100.2. Mafundi hufunga kifaa kidogo wanachokiita ekspanda, kati ya antena na redio, ambacho hushusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 20, basi 100.2 husikika mahali palipoandikwa 80.2, na dereva hujifunza namba za uongo kwa moyo. Hata hivyo ekspanda hiyo hupoteza vituo vilivyo kati ya 90 na 96, na ile inayoshusha kwa 12 hupoteza vilivyo juu ya 102. Kifaa cha bei rahisi huongeza pia mvumo wake chenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa ndani ya gari jipya kuliko la baba yake, karibu na mnara, na bado asisikie.

Sasa nifike kwenye kiini. Vituo vya Mbarara huzungumza hasa Runyankore-Rukiga na Kiingereza. Nakivale ya leo ina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni na ndani ya gari. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hutangaza Kiswahili kwa FM Goma na Bukavu, lakini FM ya Goma haivuki milima kuja Isingiro. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likasisitiza kifundishwe shuleni. Sheria, hata hivyo, haisukumi wimbi bondeni.

Siku hizi simu imeziba sehemu ya pengo hilo. Dereva huchomeka kifaa kwenye tundu la kuwashia sigara, nacho hurusha sauti ya simu kwa FM hadi redio iliyo nusu mita mbele yake. Redio ya gari imegeuka spika. Sauti ni safi, ila inahitaji bando na mtandao, na habari za nyumbani sasa zina bei kwa kila dakika. Tena usafi wa mpokeaji haumsaidii mtu pale mtumaji anaponyamaza, kama ilivyodhihirika Machi 2025 matangazo ya Sauti ya Amerika yaliposimamishwa.

Kwa kuhitimisha, napendekeza sisi wanafunzi wa historia tusipime usikivu kwa usafi wa sauti pekee. Tuulize mambo matatu: sauti inatoka umbali gani, inazungumza lugha ya nani, na msikilizaji anailipia nini. Kwa kipimo hicho redio ya mwaka 1965 na ya leo hazikushindana. Kila moja ilifungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Kwa aliyekimbia vita, mlango uliofungwa ndio ule ulioelekea nyumbani.