Petroli ikishazama ardhini: kutoka Utah hadi Mto Thange

Wauza petroli ya madumu hapa Nyabibuye wananiuliza: ikimwagika si inakauka tu? Inayokauka ni ya juu. Iliyozama hujibana kati ya chembe za udongo, na mvua huisukuma kuelekea maji ya kisima.

Wenzetu wa Thange, Kibwezi, kule Makueni nchini Kenya, wanaijua habari hii. Mei 2015 bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lilivuja, petroli ikaingia mtoni na visimani. Ni wakulima kama sisi, walitegemea mto huo kwa kunywa, kunywesha mifugo na kumwagilia. Amri ya mahakama ya kuwalipa shilingi bilioni 3.8 za Kenya ilikuja mwaka 2025. Miaka 10!

Je, udongo kama huo husafishika? Zamani ulichimbwa tu na kubebwa kwa malori. Miaka ya 1980 watafiti wa Texas, Marekani, walijaza mchanga kwenye tangi kubwa, wakamwaga petroli, kisha wakapitisha hewa waone kama itatoka. Ilitoka. Hapo ikakua kazi ya kunyonya mvuke: unachimba tundu jembamba lisilofika majini, unatia bomba lenye matundu, unaziba juu, pampu inavuta. Hewa hupita udongoni ikibeba mvuke wa petroli, nao huchujwa kwa mkaa maalumu au huchomwa. Kwanza hujaribiwa tundu moja, na vibomba vya pembeni hupima mvuto unafika wapi.

Jaribio ninalolipenda ni la kambi ya ndege ya Hill, jimbo la Utah. Januari 1985 zilimwagika lita kama 100,000 za mafuta ya ndege. Pampu ziliwashwa Desemba 1988. Walipopima hewa iliyotoka, oksijeni ilikuwa imepungua na kabonidayoksaidi imeongezeka. Maana yake vijidudu vya udongoni, hawa hawa wanaoozesha samadi yetu, walikuwa wakiyala mafuta. Wakapunguza nguvu ya pampu ili vijidudu wafanye kazi zaidi. Kuongeza unyevu kulisaidia. Mbolea haikuonyesha tofauti ya wazi, kwa hiyo usipoteze NPK yako palipomwagika mafuta.

Njia hii ina mipaka. Mfinyanzi uliolowa masika haupitishi hewa. Dizeli ya mashine za kusaga haigeuki mvuke upesi kama petroli, hivyo kuinyonya ni kazi ngumu. Na pampu zenyewe hatuna kijijini.

Kwa hiyo weka madumu juu ya sakafu ya saruji yenye kingo, upande wa chini wa kisima au chemchemi, kamwe si juu yake. Yakimwagika, zima moto wote na sigara, mwaga mchanga ufyonze, kisha chota udongo uliolowa siku hiyo hiyo kabla mvua haijanyesha. Usisafishe kwa maji. Udongo huo uweke juu ya turubai, uufunike, mbali na maji na watoto, kisha mwite ofisa mazingira wa halmashauri. Maji ya kisima yakinuka mafuta, acheni kuyanywa mara moja. Kuyachemsha si dawa.