Kisimbuzi, king'amuzi, na neno usiri

Nilipoingia duka moja la Kariakoo kumtafutia mwanangu kifaa cha kuchezea gemu za kompyuta kwenye televisheni, nilitumia neno nililolizoea: kisimbuzi. Kijana muuzaji akaniuliza, "Cha dishi au cha antena, mama?" Nikamweleza kwamba chaneli sizitaki. Kompyuta iko chumbani kwa mtoto, televisheni iko sebuleni, na ninachotaka ni picha ivuke ukuta. "Ahaa, unataka boksi la Android," akasema, akanitolea katoni iliyoandikwa 4K kwa maandishi makubwa kuliko jina la kifaa chenyewe. Nikalipa nikaondoka. Laiti ningeling'ang'ania neno langu kidogo, lingenipa swali la kumuuliza.

Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisanduku cha kupokelea matangazo ya dijitali kiliingia nyumbani kwetu na majina mawili, king'amuzi na kisimbuzi, na mpaka leo yote mawili yako hai. King'amuzi ni tamu mdomoni. Ila kung'amua ni kazi ya akili: mtu hung'amua hila, hung'amua kuwa mgeni wake ana shida asiyotaka kuisema. Kisanduku hakina busara hiyo. Kusimbua ni kinyume cha kusimba, kama kufungua na kufunga, kupangua na kupanga. Mtambo wa kurushia umeifunga picha kwa msimbo, na kifaa cha nyumbani kinaifungua. Kitenzi chenyewe, kusimba, hakijaenea sana. Nahisi ni kwa sababu simba akitajwa peke yake, kila mtu humwona mnyama. Mtoto wake, kisimbuzi, amekua vizuri.

Na kwenye gemu, neno hili linakaa mahali pake hasa. Gemu haiendeshwi ndani ya kisanduku. Kompyuta ndiyo inayofanya kazi nzito: inachora kila fremu, inaisimba, inaituma. Kisanduku kinapokea, kinasimbua, kinaonyesha. Ndiyo maana cha bei nafuu kinaweza kutosha kabisa. Mwaka 2015 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa Steam Link kwa dola 49.99, kisanduku kidogo cheusi ambacho karibu kazi yake yote ilikuwa kusimbua picha za msimbo wa H.264, 1080p, fremu 60 kwa sekunde. Kama kuna kifaa kilichostahili jina la kisimbuzi, ni hicho. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2018, lakini programu yake ya bure ilihamia kwenye vifaa vya Android, Apple TV na Raspberry Pi. Moonlight, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, nayo ni ya bure, na hushirikiana na programu ya Sunshine iliyowekwa upande wa kompyuta.

Kwa hiyo swali la dukani ni hili: kinasimbua misimbo gani? H.264 utaikuta karibu kila mahali. HEVC, ya mwaka 2013, hubeba picha ya ubora uleule kwa takriban nusu ya data, na kwa kazi hii inafaa sana. AV1 ya mwaka 2018 ni bora zaidi, ila kwenye visanduku vingi vya bei ya chini haimo, na sioni sababu ya kuongeza pesa kwa ajili yake. Lililo muhimu ni kwamba kusimbua kufanywe na sehemu ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kukiachiwa kichakataji kikuu pekee, kifaa kitachoka.

Sasa wataalamu wetu wametupa pia kutiririsha, na kwa filamu nalipenda neno hilo. Maji hutiririka kushuka tu, na filamu hushuka hivyohivyo kutoka kwa mwenye nayo hadi kwako. Gemu haiko hivyo. Picha zinakuja sebuleni, na kila kitufe cha padi kinachobonyezwa kinarudi chumbani. Mimi nikiifikiria naona mlango wa bandari yetu pale Magogoni, ambako maji hujaa na kupwa kupitia njia moja. Kinachokuja na kinachorudi vyote vina safari, na safari ina muda.

Muda huo ndio ulionitesa. Mwanangu alilalamika, "Mama, linaganda." Nikakaa naye kutazama. Picha ilikuwa laini kama hariri, haikusimama hata mara moja. Lakini akibonyeza, golikipa anaruka mpira ukiwa umeshaingia wavuni. Huko si kuganda! Kuganda ni picha kusimama, kukata ni mtandao kupotea, kuzunguka ni kile kiduara cha kusubiri. Tunayo maneno ya maradhi yote hayo, na tukiliita moja kwa jina la jingine tunanunua dawa isiyo yake. Nikimwambia muuzaji linaganda, ataniuzia boksi lenye kumbukumbu kubwa zaidi, na golikipa ataendelea kuchelewa.

Istilahi rasmi inayotolewa ni ucheleweshaji. Ni ndefu, na inamlaumu mtu aliyechelewesha. Mimi nalitaka neno alilolitumia bibi yangu wa Tanga akitutuma dukani: usiri. "Nenda ukarudi, usifanye usiri." Kwa watu wa pwani usiri ni kukawia, ingawa wengi siku hizi wanalisikia kama siri tu. Silabi tatu, na linabana kipimo vizuri: usiri wa mtandao, usiri wa kusimbua, usiri wa kioo. Gemu ya fremu 60 hutoa fremu moja kila milisekunde 16.7, kwa hiyo usiri wa milisekunde 50 ni fremu tatu zilizokwisha kupita.

Kwa jina hilo nikaanza kuutafuta. Televisheni yetu ilikuwa ikirembesha kila picha kabla ya kuionyesha. Nikaiweka kwenye hali ya mchezo, golikipa akawahi kidogo. Boksi lenyewe lilishika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu, iliyojaa mawimbi ya majirani wote, na halikuwa na tundu la waya wa mtandao. Nikalirudisha, nikaongeza fedha kidogo, nikachukua lenye tundu. Tundu la megabiti 100 linatosha, kwa kuwa picha ya 1080p hutumia kama megabiti 20. Waya umepita juu ya fremu ya mlango wa chumbani, umeshikiliwa kwa misumari midogo, na mume wangu bado anauliza utaondolewa lini.