Bahari ya Wadden: Mimea inayoshikilia pwani ya mataifa matatu

Pwani ya Bahari ya Wadden, yenye urefu wa takriban kilomita 500, inaanzia Uholanzi, inapitia Ujerumani na kuishia Denmark. Mara mbili kwa siku maji hupwa na kuacha wazi eneo kubwa la mchanga na matope. Shirika la UNESCO liliiorodhesha sehemu ya Uholanzi na Ujerumani kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2009, na sehemu ya Denmark mwaka 2014.

Karibu na ufuo, nyasi fupi zinazostahimili chumvi hunasa mchanga unaopeperushwa na upepo. Tuta dogo likiinuka, huota nyasi ndefu ziitwazo maramu. Hizo, kadiri zinavyofukiwa ndivyo zinavyochipua, na mizizi yake huufunga mchanga hadi ukawa kilima. Wakati wa ukavu majani yake hujikunja ili kuhifadhi maji.

Penye utulivu wa mawimbi huota salikonia, mmea wenye mashina manene yaliyojaa maji, ambao hugeuka mwekundu majira ya mapukutiko. Mmea huo hupunguza mwendo wa maji, tope likatua na ardhi ikapanda. Ndipo mimea mingine hufuata, ikiwemo limonia, inayotoa chumvi kupitia majani yake.

Kwenye vinamasi hivyo aina fulani ya vitwitwi huficha viota vyao katikati ya nyasi. Wakati wa machipuko, mabata bukini hula majani humo kabla ya kuruka kwenda Siberia. Ndege wengine hupumzika na kula matopeni wakiwa safarini kati ya Aktiki na pwani ya Mauritania, Afrika Magharibi.

Hata hivyo, hatari zipo. Njia inayokanyagwa na watalii huua nyasi, na upepo hupata mlango wa kubomoa kilima. Waridi lililoletwa kutoka Asia ya Mashariki linasonga mimea ya asili. Bahari nayo inapanda, ilhali nyuma ya vinamasi kuna kuta za kuzuia mafuriko, hivyo mimea haina pa kurudi nyuma. Tope lisipotua kwa kasi inayolingana na maji, kinamasi kitazama.

Mataifa hayo matatu yamekuwa yakishirikiana kuihifadhi bahari hiyo tangu mwaka 1978, kwani mchanga, maji na ndege havitambui mipaka.