Kitulo iliwahi kuitwa Elton

Wadau, mitihani imekaribia lakini mi bado niko na ramani ya mkoloni. Uwanda wa Kitulo, kule Makete, umeandikwa Uwanda wa Elton. Ndo nani? Frederic Elton, konsuli wa Uingereza aliyepambana na biashara ya watumwa. Mwaka 1877 alikatiza milima hii na msafara wake akitokea Ziwa Nyasa, na Desemba hiyohiyo akafa kwa homa Ugogo. Kapita tu, jina likabaki! Wapagazi wake je?

Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Panda huko wakati wa mvua, mita 2,600 hivi, ni maua mpaka basi, okidi kibao. Na si ya kutazama tu: viazi vyake ndivyo vinavyopikwa chikanda, inayopendwa sana Zambia. Biashara ilipokolea zikachimbwa kupita kiasi, na mwaka 2005 uwanda ukawa hifadhi ya taifa.

Anayetaka kwenda asubiri Desemba mpaka Aprili, abebe sweta. Mwenye miguu anaweza kushuka mpaka Matema, ziwani, kupitia Milima ya Livingstone. Haya, na huyo naye!