Kutoka Kioo cha Franklin hadi Bapa la Umeme: Historia ya Ukadiriaji na Upimaji wa Kapasitansi katika Mbao za Saketi zenye Matabaka Mengi

Mhandisi anayesanifu ubao wa saketi wenye matabaka mengi hukutana mapema na swali linaloonekana jepesi: kati ya bapa la shaba linalosambaza volteji na bapa la ardhi lililolala chini yake, pana kapasitansi kiasi gani? Kanuni ya jibu hufundishwa katika masomo ya awali ya fizikia. Eneo la bapa huzidishwa kwa kipimo cha diaelektriki, kisha hugawanywa kwa unene wa kihami. Hata hivyo, ubao ukitoka kiwandani na kupimwa, kipimo huachana na makadirio, pengine kwa sehemu moja ya kumi. Insha hii inadai kwamba pengo hilo si kasoro ya ufundi wa leo. Lina historia ya takriban karne mbili na nusu, na mara kwa mara katika historia hiyo pengo lenyewe ndilo lililofichua jambo ambalo kanuni ilikuwa haijalisema.

Historia hii huanzishwa kwa desturi na chupa ya Leyden, iliyogunduliwa na Ewald von Kleist mwaka 1745 na, bila kuwasiliana naye, na Pieter van Musschenbroek mwaka 1746. Kwa mada yetu, lakini, chupa si chanzo kizuri, kwa kuwa umbo lake lilificha mambo. Chanzo bora ni kioo cha dirisha. Katika barua zake za mwishoni mwa miaka ya 1740, Benjamin Franklin wa Philadelphia alieleza jinsi alivyotwaa kipande cha kioo bapa, akakiweka kati ya mabamba mawili ya risasi, na kupata athari ileile ya chupa. Kisha akapanga vioo kumi na kimoja vya namna hiyo na kuviunganisha, mpangilio aliouita betri. Aliyewahi kuona mchoro wa matabaka ya ubao wa saketi atautambua mpangilio huo bila kuelezwa: metali, kihami, metali. Franklin hakupima kiasi. Alichokithibitisha ni kwamba umbo la chombo si sharti. Sharti ni nyuso mbili za metali zilizotenganishwa na kihami chembamba.

Kazi ya kupima iliangukia kwa Henry Cavendish wa London, na hapa inafaa tutue kwa muda. Mapema miaka ya 1770, Cavendish alifanya majaribio mengi ya kulinganisha uwezo wa vitu mbalimbali wa kubeba chaji. Hakuwa na mita ya aina yoyote. Kipambanuzi chake kilikuwa vijipira viwili vyepesi vilivyoning'inizwa kwa nyuzi, ambavyo hutawanyika vikipata chaji. Alitumia mabamba yanayoteleza moja juu ya jingine ili eneo lake liongezwe au lipunguzwe mpaka lisawazike na kitu kinachopimwa. Alikuwa, kwa maneno mengine, akipima kwa kusawazisha, mbinu ambayo vifaa vya daraja vya karne zilizofuata viliirithi kimantiki ingawa si kwa ukoo wa moja kwa moja. Matokeo aliyaeleza kwa inchi: kapasitansi ya kitu ilikuwa kipenyo cha tufe lenye uwezo sawa nacho.

Matokeo yake mawili yanatuhusu. La kwanza ni uwiano wa tufe na kisahani chembamba chenye kipenyo kilekile, ambao Cavendish aliupata kuwa 1.57. William Thomson, aliyeoneshwa maandishi hayo huko Plymouth mwaka 1849, alistaajabu, kwa kuwa nadharia inatoa nusu ya pai, yaani 1.5708. La pili ndilo zito zaidi. Cavendish alipopima vioo vilivyofunikwa metali pande zote mbili na kulinganisha na hesabu yake, alikuta chaji ni takriban mara nane ya ile iliyotarajiwa. Kwanza alijiuliza kama umeme ulikuwa umesambaa juu ya uso wa kioo na kuvuka mpaka wa metali, hivyo kuongeza eneo. Usambaaji huo aliuchunguza na kuusahihisha. Mara nane hazikutoweka. Zilikuwa ndani ya kioo chenyewe.

Cavendish, kwa tabia yake ya ukimya, hakuyachapisha hayo. Michael Faraday aliligundua upya suala la kihami mwaka 1837 kwa kutumia matufe yaliyowekwa moja ndani ya jingine, na sifa zikamwendea yeye. James Clerk Maxwell ndiye aliyehariri na kuchapisha maandishi ya Cavendish mwaka 1879, mwaka aliofariki. Kwa hiyo kipimo cha diaelektriki kiliingia katika elimu kupitia kwa Faraday, ilhali nambari za kwanza zilikuwa zimekaa kabatini zaidi ya miaka sitini. Mwanahistoria anayefuata mfuatano wa machapisho peke yake atakosea hapa.

Suala la kingo lililomsumbua Cavendish lilipata jibu la kihisabati kwa Gustav Kirchhoff mwaka 1877, aliyetoa kanuni ya kisahani cha mviringo inayoongeza kwenye eneo mchango wa ukingo. Karne moja baadaye hesabu hiyo ina matumizi ambayo yeye hakuyawaza. Tuchukue ubao wa milimita 100 kwa 160, wenye mabapa mawili kamili yaliyotenganishwa na kihami cha milimita 0.1 na kipimo cha diaelektriki cha 4.2. Kanuni ya msingi inatoa takriban nanofaradi 5.9. Mchango wa ukingo, ukikadiriwa kwa kisahani chenye eneo hilohilo, hauzidi nusu ya asilimia moja. Kihami kikiwa chembamba mno kulinganisha na upana wa bapa, ukingo hauna uzito. Tunaona mara kwa mara kazi zinazohangaika na kingo huku zikiuchukua unene wa kihami kutoka kwenye mchoro wa kiwanda kana kwamba ni ukweli uliopimwa. Huko ni kuchuja mbu na kumeza ngamia.

Ubao wenyewe ulikuja baadaye. Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia London, aliomba hataza ya saketi zilizochapwa kwenye karatasi ya metali mwaka 1943. Mbao za matabaka mengi zilianza kutumika katika miaka ya 1960. Tabaka zima la shaba lilipotengwa kwa ajili ya ugavi wa umeme, lengo la msingi lilikuwa kupunguza ukinzani na induktansi ya njia. Kapasitansi ilikuja kama nyongeza. Ilikuwa hivyo mpaka kasi ya saketi ilipoigeuza nyongeza hiyo kuwa kusudio. Mwaka 1992 kampuni ya Zycon ya California ilipewa hataza ya kihami chembamba kilichokusudiwa kuwa kapasita ndani ya ubao. Unene wa mikromita 50 hutoa takriban pikofaradi 80 kwa kila sentimita mraba.

Je, hicho ni kiasi cha kutosha? Hapa ndipo mjadala ulipo. Nanofaradi 5.9 za ubao wetu hazifikii hata sehemu ya kumi ya kapasita moja ya kauri ya nanofaradi 100, ambayo bei yake ni ndogo sana. Katika frikwensi ya megahezi 100, impidansi yake ni takriban omu 0.27. Saketi ya volti 1 inayovumilia mtikisiko wa asilimia 5 kwa badiliko la ampea 10 huhitaji miliomu 5. Anayedai kwamba bapa linaweza kuchukua nafasi ya kapasita zote ana nambari hizi za kujibu. Thamani ya bapa iko kwingine: induktansi yake ya kusambaa, kwa unene wa milimita 0.1, ni kama nanohenri 0.13 kwa kila mraba, chini kabisa ya ile ya kapasita iliyounganishwa kwa nyaya na matundu. Bapa hujibu haraka, hata kama lina kidogo cha kutoa.

Upimaji nao ulibadilika kwa sababu hiyohiyo. Katika kilohezi 1, mita ya kawaida hutoa jibu sahihi, mradi ubao uwe hauna vijenzi, kwa maana vijenzi hujipima pamoja na bapa. Katika frikwensi za juu impidansi hushuka hadi miliomu, na ukinzani wa ncha za kipimo huifunika kabisa. Suluhisho lililozoeleka ni kutumia kichanganuzi cha mtandao chenye milango miwili, mmoja ukiingiza mkondo na mwingine ukisoma volteji. Wazo hilo la kutenganisha njia ya mkondo na njia ya volteji ni la Thomson yuleyule, aliyelitumia miaka ya 1860 kupima ukinzani mdogo. Karibu na megahezi 457, urefu wa ubao wetu unakuwa sawa na nusu ya urefu wa wimbi ndani ya kihami, na bapa huanza kuvuma. Kuanzia hapo kuuliza ubao una nanofaradi ngapi hakuna maana; kinachobaki ni mchoro wa impidansi.

Hata chini ya kiwango hicho kipimo cha diaelektriki cha epoksi yenye nyuzi za kioo hakitulii. Hushuka polepole kadiri frikwensi inavyopanda. Aidha, unene hubadilika epoksi inapokandamizwa kwa joto, na matundu yanayokatwa katika shaba hupunguza eneo. Mtafiti anayepima kapasitansi na kurudi nyuma kukokotoa kipimo cha diaelektriki anafanya alichofanya Cavendish kwa kioo, ila Cavendish alipima kwanza unene wa kila kioo chake. Asipoukata ubao, kuung'arisha mkato na kusoma unene kwa hadubini, kosa la unene litahamia kwenye kipimo cha diaelektriki na kuchapishwa humo kama sifa ya mada.