Duka la Jeshi na Hesabu ya Miaka: Askari wa Muda Mfupi Kutoka Kariakoo Hadi DEFCO

Juni 2026 inatimiza miaka 10 tangu Waziri wa Fedha na Mipango wa Tanzania wakati huo, Philip Mpango, alipowasilisha bungeni Dodoma bajeti ya mwaka 2016/2017 na kupendekeza kuondolewa kwa msamaha wa kodi uliokuwa ukitolewa kwa bidhaa za maduka ya majeshi, ili badala yake askari walipwe posho ya fedha taslimu. Upande wa Kenya duka la jeshi liliendelea, nalo limeendelea pamoja na swali ambalo halijapata jibu la wazi: je, mtu aliyevaa sare kwa miaka michache tu, akaondoka kabla ya kufikia pensheni, anastahili kununua sukari, unga na mabati kwa bei ile ile anayopewa mstaafu aliyemaliza utumishi wake? Mjini Mambrui, pwani ya Kenya, kaskazini ya mahali mto Sabaki unapoingia baharini, swali hili lina mizizi mirefu kuliko duka lenyewe, kwa kuwa watu wa ng'ambo hiyo ya mto walilitumikia jeshi kwa muda mfupi na kwa gharama kubwa miaka mingi kabla ya serikali yoyote kufikiria kuwauzia kitu kwa bei nafuu.

Duka la jeshi, ambalo askari wengi wa Kenya huliita kantini, ni duka la ndani ya kambi linalomuuzia mwanajeshi bidhaa za nyumbani kwa bei iliyo chini ya ile ya sokoni, ama kwa sababu ya msamaha wa kodi, ama kwa sababu mwendeshaji wake hatafuti faida kama mfanyabiashara wa kawaida. Marekani ilianza mapema, maofisa wake wakiruhusiwa kununua chakula cha ghala la jeshi kwa bei ya ununuzi tangu mwaka 1825, na askari wa kawaida tangu 1867. Waingereza waliunda shirika lao la kantini, NAAFI, mwishoni mwa mwaka 1920, likaanza biashara Januari 1921 na kuyafuata majeshi ya mfalme kila yalikopiga kambi, Kenya ikiwemo. Duka la sasa la Kenya, linalojulikana kama DEFCO na zamani likiitwa AFCO, yaani Shirika la Kantini la Majeshi, ni mrithi wa desturi hiyo ya Kiingereza.

Pamoja na desturi ya kantini, Kenya ilirithi desturi ya kupima haki kwa miaka. Kikosi cha King's African Rifles, kwa kifupi KAR, kilichoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Mashariki, Uganda na Nyasaland, kilitenganisha tangu mwanzo askari wa muda mrefu na yule wa mkataba mmoja. Timothy Parsons, katika utafiti wake wa mwaka 1999 juu ya maisha ya askari hao, anaonyesha namna ukoloni ulivyoyatumia malipo na marupurupu kumfanya askari wa muda mrefu awe mtu wa tabaka la pekee, mwenye sababu ya kuwa mtiifu, ilhali aliyeondoka mapema alirudi kijijini kwake akiwa raia kama raia mwingine. Kwa lugha ya leo, wa kwanza hupata pensheni, yaani malipo ya kila mwezi hadi kufa, na wa pili hupata kiinua mgongo, yaani fungu moja la fedha linalotolewa mara moja na kufunga hesabu.

Hata hivyo mgawanyo mkali zaidi ulikuwa kati ya askari na mpagazi, na hapo ndipo historia inapofika mlangoni mwa Mambrui. Mapema mwaka 1914 serikali ya kikoloni, ikiwa na Charles Hobley kama kamishna wa jimbo la pwani na Arthur Champion kama ofisa aliyepewa kazi ya kuwasimamia Wagiriama, ilikuwa ikidai mambo mawili kwa pamoja: vijana wa kufanya kazi, na kuhamishwa kwa Wagiriama wote waliokuwa wakilima kaskazini ya Sabaki, eneo lililokuwa ghala lao la nafaka na ambalo mazao yake yalipitia bandari ndogo za Mambrui na Malindi. Kiongozi wa Kigiriama Mekatilili wa Menza alikuwa amekwisha kuwaapisha watu wasikubali, akakamatwa na kupelekwa mbali magharibi ya nchi, na Agosti 1914 serikali ikaulipua kwa baruti mji mtakatifu wa Kaya Fungo, siku zile zile ambazo Ulaya ilikuwa ikiingia vitani. Mapigano yaliyofuata yaliendeshwa na askari wa KAR waliokuwa njiani kwenda kupigana na Wajerumani, na mwanahistoria Cynthia Brantley anakadiria kwamba Wagiriama wapatao 150 waliuawa na nyumba zao zipatazo 5,000 zikachomwa moto.

Masharti ya amani yanastahili kusomwa kwa makini na kila anayejadili leo nani alitumikia na nani hakutumikia. Wagiriama walitakiwa kulipa faini ya rupia 100,000, kuwatoa viongozi wao, kuondoka ng'ambo ya Sabaki, na kutoa wanaume 1,000 wa kazi kwa ajili ya vita. Huduma ya vita ilitozwa kama adhabu. Mwanamume aliyechukuliwa kwa namna hiyo hakuwa na mkataba wa miaka sita wala kumi, wala hakuna aliyemwuliza kama angependa kuendelea na utumishi. Alibeba mzigo kichwani hadi alipofukuzwa na ugonjwa, au hadi alipokufa, na siku zake zilipohesabiwa zilionekana chache mno kumstahilisha chochote. Wagiriama waliruhusiwa kurudi ng'ambo ya mto miaka michache baadaye, baada ya serikali yenyewe kuona kwamba kuwahamisha kumeleta njaa na hakukuleta vibarua, lakini wanaume waliokwisha kuchukuliwa hakuna sharti lolote lililowarudisha.

Geoffrey Hodges, ambaye kitabu chake juu ya kikosi cha wapagazi kilitoka mwaka 1986 na ambacho makala haya yanakitegemea sana katika sehemu hii, anaeleza kwamba kikosi hicho, ambacho jina lake la Kiingereza wananchi waliligeuza kuwa Kariakoo, kiliandikisha katika himaya ya Afrika ya Mashariki, yaani Kenya ya leo, peke yake zaidi ya watu 160,000, na kwamba vifo vilivyoandikwa rasmi vilipita 40,000, vingi kwa kuhara, homa ya mapafu na malaria, na kwa chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Mshahara uliotangazwa mwanzoni ulipunguzwa hadi rupia 5 kwa mwezi, kwa hoja kwamba mpagazi asije akapata zaidi kuliko kibarua wa shamba la mlowezi. Mwaka 1917, jeshi lilipohitaji watu wengi kwa haraka, ofisa wa serikali John Ainsworth alisimamia ukusanyaji mkubwa ulioacha vijiji vingi bila vijana.

Ugomvi wenyewe ulianza bunduki zilipotulia. Oscar Watkins, ofisa aliyekuwa akiongoza idara ya wapagazi na ambaye, kwa kadiri ya maelezo ya Hodges, aliwatetea kuliko wakubwa wenzake wote, alikuwa na orodha za maelfu ya watu waliokufa au kupotea huku mishahara yao ikiwa haijachukuliwa na mtu. Yeye na wengine walitaka fedha hizo zitumike kwa faida ya jamaa na makabila ya marehemu. Wizara ya Vita na Hazina mjini London zilikuwa na hoja kavu, kwamba wadai hawapatikani, majina yameandikwa vibaya, na fedha isiyo na mwenyewe hurudi kwa mlipaji. Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka mingi baada ya vita, barua zikipishana baharini, na kadiri yalivyoendelea ndivyo wajane na wazazi walivyozidi kufariki na kuipa Hazina ushahidi zaidi kwamba wadai hawapatikani. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa namna serikali inavyoweza kuutumia ufupi wa utumishi wa mtu, na udhaifu wa karatasi zake, kama sababu ya kutomlipa.

Wakati huo huo serikali hiyo hiyo ilikuwa na jicho jingine kwa wengine. Mwaka 1919, katika ukumbi wa Theatre Royal jijini Nairobi, kulifanywa bahati nasibu ya kugawa mashamba zaidi ya 1,000 ya nyanda za juu kwa askari wa zamani, na sifa ya kwanza ya mwombaji ilikuwa asili ya Kizungu. Aliyepigana kwa muda wa vita tu, bila nia ya kuufanya uanajeshi kuwa kazi ya maisha, alihesabiwa kuwa ametumikia vya kutosha kupata ardhi. Mpagazi wa ng'ambo ya Sabaki, na hata Mwarabu au Mswahili wa pwani aliyepigana katika kikosi cha Arab Rifles chini ya A.J.B. Wavell hadi Wavell alipouawa katika nchi ya Kwale Januari 1916, hawakuwamo katika bahati nasibu hiyo. Walichopata ni sanamu, kwani mpagazi, askari wa KAR na mpiganaji wa Arab Rifles wamesimama pamoja kwa shaba katikati ya Nairobi hadi leo.

Vita Vikuu vya Pili vilirudia kisa hicho kwa watu wengine. Ndege za Italia ziliiangushia Malindi mabomu Oktoba 1940, vijana wa Kenya wapatao 98,000 wakaandikishwa, wengi wao kwa muda wa vita tu, na kutoka Kilindini ndiko ilikoondoka meli ya Khedive Ismail iliyozamishwa na Wajapani tarehe 12 Februari 1944 pamoja na watu wapatao 1,300, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Malipo ya kuagwa yalipangwa kwa cheo na kwa rangi, na nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zimeonyesha kwamba Mzungu aliweza kulipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Wengi waliotoka na fungu hilo dogo walitamani kufungua maduka au kununua malori, na serikali ikawafunza baadhi yao biashara katika shule ya Jeanes, Kabete, lakini leseni, mgao wa bidhaa na ushindani wa wenye maduka wa zamani viliwaangusha wengi. Askari wa muda mfupi hakupewa duka la jeshi, na lake mwenyewe hakuachiwa nafasi ya kulikuza.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka. Askari wa kambi ya Lanet waliasi Januari 1964, kwa sehemu kwa sababu ya mishahara, kambi za Waingereza zikafungwa kabla ya mwaka huo kwisha, na jeshi jipya likajenga kantini zake. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilisababisha Jeshi la Anga kuvunjwa na kuundwa upya, na wanajeshi wengi wakatolewa kabla ya wakati wao. Sheria ya maveterani wa kijeshi ya mwaka 2022 imeliweka suala la maslahi ya waliokuwa wanajeshi katika vitabu vya sheria, jambo la kushukuriwa, ingawa askari wa zamani wa kijijini bado hupata habari zake kwa kusikia tu.

Wanaotaka mlango wa duka ubaki kwa wastaafu wana hoja mbili nzito. Bei nafuu, wanasema, ni sehemu ya mapatano ambayo mstaafu aliyatimiza na mwingine hakuyatimiza. Na kila mtu anayeongezwa kwenye orodha hulifanya duka liwe njia ya kupitishia bidhaa zisizolipiwa kodi hadi sokoni. Hoja ya pili si ya kupuuzwa, kwani ni hofu hiyo ya misamaha kuwafaidi wasiokusudiwa iliyoisukuma Tanzania kuufuta msamaha wake mwaka 2016. Hoja ya kwanza ni dhaifu zaidi, kwa sababu inachukulia kwamba kila aliyeondoka mapema alichagua kuondoka, ilhali aliyepoteza mguu nchini Somalia, ambako jeshi la Kenya liliingia Oktoba 2011, hakuvunja mapatano yoyote.

Marekani, ambako mstaafu wa kawaida ni yule aliyetimiza miaka 20, imelegeza mpaka huo kwa hatua. Novemba 2017 askari wote wa zamani waliotoka kwa heshima waliruhusiwa kununua katika maduka ya jeshi ya mtandaoni, na tangu Januari 2020 wenye ulemavu uliotokana na utumishi, waliokuwa mateka wa vita na waliopewa nishani ya kujeruhiwa wameruhusiwa kuingia katika maduka yenyewe ya vyakula, bila kujali walitumikia miaka mingapi, wakilipa ada ndogo wanapotumia kadi ili mzigo usimwangukie mlipa kodi. Utaratibu huo unaifaa Kenya kuliko kumfungulia kila mtu au kuwafungia wote, mradi umbali uzingatiwe, kwa kuwa mkazi wa Mambrui anayelazimika kusafiri karibu kilomita 130 hadi kambi za Mombasa hutumia katika nauli kile anachookoa kwenye unga.

Kwa hiyo Wizara ya Ulinzi inaombwa itangaze hadharani, kwa Kiswahili na hadi ngazi ya lokesheni, orodha ya wanaoruhusiwa kununua katika maduka ya DEFCO na masharti yake, na Kamati ya Bunge la Taifa ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni iwaongeze kwanza waliotolewa kwa majeraha pamoja na wajane wa waliofia kazini, hata kama utumishi wao ulikuwa wa mwaka mmoja, na kwa wale wanaoishi mbali na kambi iwape fedha badala ya kadi ya duka.