Tiba Bandia Katika Utafiti wa Akupancha: Mambo Ambayo Mkazi wa Mpanda Anapaswa Kuyafahamu

Akupancha ni tiba yenye asili ya China inayotumia sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili. Akupresha hubonyeza sehemu hizo bila sindano. Nchini Tanzania, tiba mbadala husimamiwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002. Madaktari kutoka China wamehudumu Zanzibar tangu mwaka 1964 na Tanzania Bara tangu 1968.

Mkulima wa Mpanda mwenye maumivu ya mgongo anaweza kupata nafuu baada ya kuchomwa sindano. Hata hivyo, nafuu hiyo inaweza kutokana na sindano, matumaini yake, uangalizi wa mtabibu au maumivu kupungua yenyewe. Ili kutenganisha sababu hizo, watafiti hugawa wagonjwa kwa bahati nasibu: baadhi hupewa tiba halisi na wengine tiba bandia, yaani plasebo, bila mgonjwa kujua aliyopewa.

Kidonge bandia ni rahisi kutengeneza. Sindano bandia ni kazi ngumu. Mwaka 1998, watafiti Streitberger na Kleinhenz wa Ujerumani walieleza sindano yenye ncha butu ambayo huingia ndani ya mpini wake badala ya kutoboa ngozi. Njia nyingine ni kuchoma juu juu, mbali na sehemu maalumu. Kwa akupresha ya kuzuia kichefuchefu, mkanda wa mkononi usio na kitufe cha kubonyeza hulinganishwa na ule ulio nacho.

Njia hizo zina upungufu. Kugusa ngozi pekee kunaweza kuathiri mwili, na mtabibu hujua anachokifanya. Kwa sababu hiyo, kundi la tatu linalopata matibabu ya kawaida ni muhimu. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007 ulihusisha wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 kwa akupancha halisi, 44.2 kwa ile bandia na 27.4 kwa matibabu ya kawaida. Bila kundi la tiba bandia, ingedhaniwa kuwa nafuu yote ilitokana na kuchoma sehemu maalumu.

Azimio la Helsinki la mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, linataka mshiriki aelezwe utafiti na kuridhia kwa hiari. Anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma. Aidha, plasebo haipaswi kuchukua nafasi ya tiba iliyothibitishwa pale ambapo mgonjwa atapata madhara makubwa. Mgonjwa wa malaria, kwa mfano, hapaswi kunyimwa dawa.

Mwananchi anayeombwa kushiriki utafiti anashauriwa kuuliza mambo matatu kabla ya kutia saini: iwapo umepata kibali cha maadili, tiba inalinganishwa na nini, na atapata matibabu gani endapo ataangukia kundi la tiba bandia.